Shangazi, nyumbani wanachinja na mimi nipo Leipzig

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 23, kwetu Machame, Kilimanjaro, nipo Leipzig, Ujerumani, mwaka wa kwanza wa mafunzo ya uuguzi. Sijawahi kula Krismasi nje ya nyumbani. Mwaka jana kaka zangu walipanda na basi kutoka Dar, tukalala tisa chumba kimoja kwa bibi, mbuzi wakachinjwa mgombani, pombe ya mbege ikanywewa hadi usiku. Mwaka huu tarehe 25 nina zamu ya asubuhi. Mama anasema watanipigia simu ya video tangu wakiamka. Kwenye kipaimara cha mdogo wangu walifanya hivyo hivyo: nikatazama watu wakila saa nzima, nikakata simu, nikalia mpaka nikachelewa kazini. Mwenzangu Mjerumani amenialika kwao tarehe 24, ila chakula alichonitajia ni soseji na saladi ya viazi, nikaona kama hawanithamini. Nikope nauli nije? Au nizime simu siku hiyo?
Binti wa Machame

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nauli usikope. Tiketi za Desemba ni ghali, na deni hilo ungelilipa mpaka Pasaka imepita.

La simu ndilo limenishika. Krismasi ya 1994 nilikuwa masomoni Uppsala, Sweden. Jua lilizama kabla ya saa tisa alasiri, nikajifunika blanketi na kuhesabu: sasa Marangu wanagawa nyama. Kwetu hapakuwa na simu. Barua ya baba, aliyoiandika tarehe 26, ilinifikia mwishoni mwa Januari. Alitaja waliokuja, mbuzi wangapi, nani kapewa nini, kisha akaandika: fungu lako tumempelekea mama jirani aliyefiwa. Nilisoma mstari huo nimesimama kwenye ngazi za bweni, viatu vimejaa theluji. Walipogawa, na mimi nilihesabiwa.

Ndiyo maana nakwambia, mpigie mama wiki hii umwombe akutengee fungu lako. Useme wewe mwenyewe apewe nani: bibi, mtoto wa jirani, yeyote unayemtaka. Kukaa saa nzima ukitazama watu wakila kungemliza hata aliye Dar. Siku yenyewe mpigiane mara moja, ukitoka zamu. Saa nane mchana kwako ni saa kumi jioni kwao. Nyama imeshagawanywa, watoto wameshiba, wazee wametulia na kata zao za mbege. Mweleze mama mapema, asije akadhani umenuna. Simu usiizime. Bibi ana umri, akitaka kukuona akuone.

Sasa hizo soseji. Hapo umewakosea bure. Kwa Wajerumani, jioni ya tarehe 24 ndiyo kilele chenyewe, na nyumba nyingi hula soseji na saladi ya viazi usiku huo ili mpishi naye apate kwenda kanisani na kukaa na watoto. Bata bukini na mapishi makubwa ni ya kesho yake. Jioni hiyo hukaa wenyewe kwa wenyewe, mgeni si kawaida. Aliyekualika amekukaribisha ndani kabisa. Nenda, ufike saa ileile uliyotajiwa, na mkono usiwe mtupu.

Kabla ya hapo pitia kanisani. Wamisionari wa Kilutheri walioingia Machame mwaka 1893 walitumwa na Misheni ya Leipzig, mji huohuo unaoamkia kila siku. Nyimbo kadhaa za Krismasi anazoimba bibi yako zilitoka Ujerumani. Utaitambua sauti kabla hujaelewa maneno. Imba Kiswahili chako, hakuna atakayekukataza.

Upike pia mtori wetu wa ndizi na nyama. Tarehe 26 nayo ni sikukuu huko, na maduka hufungwa tangu mchana wa tarehe 24, kwa hiyo nunua kila kitu kufikia tarehe 23. Ndizi mshare hutazipata. Uliza matoke ya Uganda kwenye maduka ya Waafrika; mizuzu niliyojaribu mimi kwa mtori ilikataa kulainika, nikaishia kuikaanga. Nyama ya ng'ombe yenye mfupa, kitunguu, moto mdogo, na uiache ichemke mpaka harufu ifike koridoni. Waite wenzako wa bwenini, hata Mfilipino na Mvietinamu, maana nao wako mbali na kwao. Sufuria liwe kubwa. Sisi mtori wa mtu mmoja hatuujui.

Ukimpigia mama siku hiyo, kama ulilia asubuhi mwambie, maana atalisikia kwenye sauti yako hata ukificha. Kisha muulize mbuzi alikuwa wa rangi gani, nani alimshika miguu, na fungu lako lilipokelewaje.