Andika Saa Kwanza, Picha Baadaye

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alinitumia picha ya Mshtarii, ambayo wengi tunaiita Jupita, aliyoipiga kwa simu kupitia darubini kutoka juu ya paa la gorofa wanapoanika nguo. Mikanda miwili ya mawingu inaonekana vizuri, na juu ya mkanda wa kusini kuna kidoa cheusi tititi. Chini ameandika: "Saa 4:20 usiku. Je, kuna kitu kimeigonga?"

Swali ni zuri na picha si mbaya. Kilichoiharibu ni ile saa. Mimi na yeye tunajua saa nne na dakika ishirini usiku ni wakati gani. Mtu wa Uingereza au Japani anayekusanya ripoti za sayari akiona 4:20 ataelewa alfajiri, ambayo kwetu ni saa kumi na dakika ishirini. Hapo saa sita zimepotea, na ndani ya saa sita Mshtarii huwa imezunguka nyuzi 218, zaidi ya nusu ya mzunguko wake. Doa uliloliona upande huu, yeye atalipachika upande wa pili wa sayari.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya darubini (na naulizwa hilo kila siku), jifunze kuandika saa. Wanaofuatilia mawingu ya sayari hutumia saa ya dunia, UT, iliyo nyuma ya saa ya Nairobi kwa saa tatu. Saa nne na dakika ishirini usiku ni 22:20 ya Afrika Mashariki, na hiyo ni 19:20 UT. Ukisahau kutoa zile tatu umekosea nyuzi 109. Tarehe nayo ina mtego wake. Sisi husema "usiku wa kuamkia Jumatano" na tunaelewana, lakini kwa UT tarehe hubadilika saa tisa usiku wetu. Ulichokiona saa nane usiku tarehe 5 Februari kiandike 23:00 UT, tarehe 4. Saa ya simu iliyo kwenye mtandao inatosha. Ya laputopu isiyoguswa na intaneti kwa mwezi mzima inaweza kuwa imepotoka dakika kadhaa, na kila dakika ni nyuzi 0.6.

Sasa tupande juu ya paa. Taa za Nairobi hazisumbui kazi hii hata kidogo. Mshtarii inang'aa vya kutosha kuonekana hata juu ya mtaa wenye taa, na anayekwambia lazima uende Ngong au Magadi anazungumzia makundi ya nyota. Adui wa sayari ni joto. Zege la paa na mabati ya majirani hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, na kutazama sayari juu ya mabati ya moto ni sawa na kutazama ukuta kupitia hewa inayopanda juu ya jiko. Subiri sayari ipande juu ya nyuzi 40 kutoka upeo wa macho. Weka darubini kwenye nyasi kama unazo, au kwenye kona ya paa iliyopata kivuli alasiri. Kioo cha darubini chenyewe pia kina joto: cha upana wa milimita 200 kikitoka nyumbani kinahitaji dakika 45 hadi saa nzima kupoa. Itoe darubini nje saa moja jioni, uanze kazi saa mbili. Ukiona ukingo wa sayari unachemka kama uji, usiongeze ukuzaji. Ngoja tu.

Tuna bahati nyingine hapa nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Mshtarii hupita juu sana kila mwaka. Mwaka 2020 ilipokuwa kusini, watu wa Ulaya waliihangaikia karibu na upeo wa macho, na kwetu ilikuwa juu sana, nyuzi 69 hivi. Ilipokuwa mkabala na jua, yaani dunia ikiwa katikati yao, tarehe 10 Januari 2026 ilipita upande wa kaskazini, nyuzi 67 hivi kutoka upeo wa macho. Mkabala unaofuata ni Februari 2027, na Januari na Februari ndiyo miezi yetu mikavu. Juni hadi Agosti wingu la kijivu hufunika jiji, basi tumia muda huo kusafisha vioo.

Ikweta ina ubaya wake pia. Stendi nyingi za kiikweta hazishuki hadi nyuzi 1. Mhimili unaotakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga huwa karibu umelala kabisa, na uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Ukishaipata ya namna hiyo, mwambie fundi wa kuchomelea akuwekee kipande cha bomba la chuma cha sentimita 20 hivi kati ya miguu na kichwa. Kama bado hujanunua, chukua Dobson, darubini ya kioo inayokaa kwenye kitako rahisi, ya milimita 200 yenye mwendo wa fokasi wa milimita 1,200. Lenzi ya macho ya milimita 10 itakupa ukuzaji wa mara 120, na ya milimita 6 mara 200. Zaidi ya 200 ni usiku wa kuhesabika. Panga upya vioo vielekeane sawasawa kila ukiibeba ngazini, kwa sababu kioo kikuu kikiinama kidogo tu mikanda inabaki lakini vidoa vinapotea. Kichujio cha buluu hafifu, namba 80A, hulitoa Doa Kubwa Jekundu, ile dhoruba kubwa ya Mshtarii, likaonekana waziwazi.

Usichanganyikiwe na mwelekeo. Iache sayari itiririke yenyewe hadi itoke kwenye lenzi: upande inakopotelea ni magharibi, na mawingu yake yanazunguka kuelekea huko huko.

Nikirudi kwenye saa, maana ndipo kazi yenyewe ilipo. Njia hii ni ya tangu karne ya 19 na haihitaji kamera. Chora akilini mstari wa kati, kutoka ncha hadi ncha ya sayari. Doa likikaribia, andika saa ya mwisho una uhakika halijafika, mathalani 19:14. Andika pale linapoonekana katikati, 19:18. Kisha saa ya kwanza una uhakika limepita, 19:23. Wastani ni 19:18. Iingize kwenye WinJUPOS, programu ya bure, nayo itakupa longitudo ya mstari wa kati kwa dakika hiyo, ambayo ndiyo longitudo ya doa. Chagua mfumo unaofaa: Mfumo wa I kwa ukanda wa ikweta, unaozunguka kwa saa 9 dakika 50 na nusu, na wa II kwa kwingine, saa 9 dakika 55 na sekunde 41. Ukikosea mfumo, doa lililotulia litaonekana linakimbia nyuzi 7.6 kila siku, na utadhani umegundua dhoruba.

Ukichora, usitumie duara. Mshtarii imebonyea: upana milimita 64, kimo milimita 60. Maliza mikanda na madoa ndani ya dakika 15, kabla hayajahama.

Wenye kamera hukosea kwingine. Picha hutokana na video, ambayo programu ya AutoStakkert huchuja fremu bora na kuzirundika. Kwa pikseli za mikromita 2.9, fanya darubini iwe f/15 hivi (mwendo wa fokasi mara 15 ya upana wa kioo), yaani Dobson ya f/6 na Barlow, lenzi ya kurefusha mwendo wa fokasi, ya mara 2.5. Fremu moja ichukue milisekunde 5 hadi 10. Video isizidi dakika 2, kwa sababu kila dakika wingu la katikati linahama karibu robo ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi), na kioo cha milimita 200 kinatenganisha 0.58. Ukienda dakika 5, fremu nyingi zaidi zinakupa picha butu zaidi. Zohali, ile yenye pete, ni ndogo, inavumilia dakika 4 au 5. Uranus na Neptuni kwa kioo cha ukubwa huu ni vidoti vya rangi, tusidanganyane.

Na hivi vitu hubadilika kweli. Mkanda wa Kusini wa Ikweta ulififia mwaka 2010 hadi Mshtarii ikabaki na mkanda mmoja mnene. Novemba mwaka huo Christopher Go, akiwa jijini Cebu, Ufilipino, aliona kidoa cheupe kilichokuwa mwanzo wa kurudi kwake. Ni jiji la tropiki lenye taa na joto kama letu. Julai 2009 Anthony Wesley wa Australia aliona kovu jeusi karibu na ncha ya kusini, nalo kweli lilikuwa la kugongwa. Mwanzoni alishuku ni kivuli cha mmoja wa miezi ya Mshtarii, akabaki kwenye darubini hadi akaona si hivyo.

Ndilo jibu langu kwa ndugu yangu wa Umoja. Nafungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, naweka Nairobi na saa 22:20, lakini tarehe hukuandika. Nifanyie hivi. Itafute picha yenyewe kwenye simu, utazame tarehe iliyohifadhiwa ndani yake, uiweke kwenye Stellarium, uone kama mmoja wa miezi minne mikubwa ya Mshtarii, yaani Io, Europa, Ganymede au Callisto, ulikuwa ukitupa kivuli. Siku nyingine ukiona kidoa cheusi kilicho duara kamili, usishuke kutoka paani: kivuli cha Io huvuka sayari nzima kwa kama saa mbili na robo, na wingu huchukua karibu tano, kwa hiyo ndani ya saa moja utaona kikiyapita madoa ya jirani. Kama ni doa la kweli, mizunguko mitano inachukua saa 49 na dakika 38. Lililokuwa katikati saa nne na dakika ishirini litarudi hapo baada ya usiku mbili, saa tano na dakika 58. Wingu likikufungia siku hiyo, jaribu baada ya usiku tano tangu ule wa kwanza, saa tatu na dakika 28. Panda na kalamu.