Mtoto Anayesomea Nyumbani Yuko Gredi ya Ngapi?

Mtu mzima akikutana na mtoto wangu, baada ya salamu ni lazima amuulize yuko gredi ya ngapi. Naye hunigeukia mimi. Jibu analijua, ila ni refu mno: Hisabati yuko Gredi ya 4, Kiingereza anasoma vya Gredi ya 6, Kiswahili bado tunasukumana na kitabu cha Gredi ya 3. Wazazi wanaoanza kusomesha nyumbani huniuliza swali hilo hilo wakiwa na wasiwasi kuliko wageni, na mimi huwaambia watafute majibu mawili. Moja ni la watu, lingine ni la mezani mnaposomea.

Jibu la watu lifuate umri, basi. Hapa Kenya PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) ni miaka 4, PP2 (wa pili) ni 5, Gredi ya 1 ni 6, kisha hesabu inakwenda hivyo hivyo. Hiyo ndiyo gredi unayojaza kwenye fomu, unayomtajia mwalimu wa watoto kanisani, unayomwambia nyanya yake akipiga simu. Usiipandishe kwa sababu mtoto ni mwepesi wa kusoma, na usiishushe kwa sababu Hisabati imekwama. Mtoto aliyezaliwa Novemba au Desemba ndiye wa kufikiriwa mara mbili, na hapo mimi huegemea upande wa kuchelewa: atimize miaka 6 kwanza, aingie Gredi ya 1 Januari inayofuata. Akiwa mdogo hakuna atakayegundua. Kumrudisha akiwa na miaka 12, marafiki zake wote wakijua alikuwa wapi, ni habari nyingine kabisa.

Ikiwa mnafuata mtaala wa serikali, dirisha la kubadilisha namba hiyo kwa raha ni kabla ya Gredi ya 4. Kuanzia hapo tathmini za shuleni huanza kuingia kwenye rekodi za KNEC, baraza la mitihani la Kenya, halafu Gredi ya 6 kuna KPSEA (tathmini ya kumaliza shule ya msingi) na Gredi ya 9 kuna KJSEA (ya kumaliza sekondari ya chini). Kundi la kwanza la KJSEA lilifanya mtihani mwaka wa 2025, na matokeo yao hayakutokana na karatasi za Gredi ya 9 peke yake: KPSEA ilichangia asilimia 20, tathmini za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, mtihani wenyewe 60. Na mtoto husajiliwa kupitia shule. Kwa hiyo tafuta mapema shule itakayokubali kumpokea kwa tathmini, usingoje muhula wa mwisho wa Gredi ya 6 ndipo uanze kubisha milango.

Walio kwenye mtaala wa Cambridge hawana presha hiyo, lakini wajihadhari na hesabu ya Waingereza. Year 5 yao ni mtoto wa miaka 9, yaani Gredi ya 4 kwetu. Nimeona mzazi akifurahi kwamba mwanawe ameruka darasa, kumbe ni jina tu limebadilika.

Sasa la mezani, na hapa ndipo kazi ilipo.

Sisi tulianza na vijitabu vya ACE (Accelerated Christian Education, mtaala wa Kikristo wa mtoto kujisomea), na hata kama mtaala wenyewe hukuupenda, namna yao ya kumpanga mtoto inafaa kuigwa. Kabla ya kununua chochote, mtoto hufanya jaribio la kila somo peke yake. Kila kiwango ni vijitabu 12 (Hisabati ya kiwango cha 4, kwa mfano, ni namba 1037 hadi 1048), na jaribio likionyesha pengo katika viwili, unanunua hivyo viwili tu. Hakuna anayesema mtoto "ni wa darasa la nne". Tulipohamia mtaala wa Kenya niliendelea hivyo hivyo, safari hii nikitumia miundo ya mitaala, yaani orodha ya yanayofundishwa kila gredi, ambayo KICD, taasisi ya serikali ya kutunga mitaala, imeiweka kwenye tovuti yake bure. Pakua ya gredi ya umri wake pamoja na mbili za chini yake, kisha anza kumpima kutoka chini ukipanda. Ukianzia juu atakosa, atavunjika moyo, na kuanzia hapo utakuwa unapima machozi.

Akikosa, usihesabu makosa tu, yaangalie. Nilimpa wangu 500 kutoa 238, akaandika 338. Nikampa 452 kutoa 138, akaandika 314, sawasawa kabisa. Kukopa anajua basi. Kinachomshinda ni sifuri: akiona 0 kutoa 8 anaandika 8 na kuendelea na safari. Hilo ni pengo dogo, linazibwa kwa kuhesabu maharagwe mezani, na halimshushi mtu gredi. Lakini kama hesabu ya pili angeandika 326, ningejua kila mahali anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu, na hapo ningerudi nyuma hadi makumi na mamia, hata kama kitabu kimeandikwa Gredi ya 2.

Kusoma ni rahisi zaidi kupima. Fungua ukurasa katikati ya kitabu, asome kwa sauti, na kila neno linalomshinda akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu kizito. Kisha mwambie akusimulie alichosoma, maana wapo watoto wanaotiririka kama redio na hawajaelewa kitu.

Kiswahili ndicho kinachoaibisha nyumba nyingi, yetu ikiwemo. Watoto wanaosoma kila kitu kwa Kiingereza na kucheza kwa Sheng watakuambia "viti zimevunjika" bila kupepesa jicho. Usimpe insha ya Gredi ya 5 mtoto ambaye upatanisho wa ngeli haujamkaa. Nyanya yao alipoona kitabu cha Gredi ya 3 mezani aliuliza, "Kwani mjukuu wangu amerudishwa nyuma?" Nikamwambia, "Hapana, mama, Kiswahili chake ndicho kilichobaki nyuma." Siku hizi kila kitabu kinavikwa karatasi ya kaki na kuandikwa jina la somo tu. Mtoto haoni namba, wala mdogo wake hapati cha kumtania.

Aliyetangulia sana katika somo moja muache atangulie katika somo hilo, umri wake ubaki kwenye fomu. Na siku ya kumpeleka shule ikifika, shule nyingi zitamfanyia interviu. Wewe nenda na madaftari yake ya miezi ya karibuni, useme wazi somo lililo chini kabla hawajaligundua wenyewe, na uulize watamsaidiaje. Mwalimu mkuu mmoja alipitia madaftari yetu taratibu, akauliza maswali mawili kuhusu sehemu za Hisabati (nusu, robo), akamweka mtoto na wenzake wa umri.

Upimaji huu wote mimi huurudia Novemba, kabla ya kununua vitabu. Januari madukani ni msukumano, na ukishalipia seti nzima ya Gredi ya 5 utamlazimisha mtoto aitoshee.