Siku 19 za mwisho za likizo ya uzazi

Msomaji mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, ameandika wiki hii kwamba amebakiza siku 19 arudi ofisini Posta, katikati ya jiji. Mtoto hajawahi kunywa maziwa nje ya titi, dada wa kazi ndiyo kwanza anaingia Jumapili, na baba wa mtoto anasema "tutajua huko mbele". Anauliza anunue pampu gani.

Pampu isubiri, mwenzangu. Shika kalenda kwanza. Siku 84 za likizo ya uzazi (100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja) zinahesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo ni wiki 12 kamili. Aliyeanza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, jambo ambalo sheria inaliruhusu, anarudi kazini mtoto akiwa na wiki nane tu. Sheria hiyo hiyo, ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Kama bado unazo, andika barua leo uombe kuziunganisha. Wiki nne kwa mtoto wa miezi mitatu ni umri mwingine kabisa. Zikikataliwa zote, omba hata siku tatu ili urudi Alhamisi badala ya Jumatatu. Wiki ya kwanza inakuwa ya siku mbili, na makosa yote yatakayojitokeza unapata Jumamosi ya kuyarekebisha.

Kwenye barua hiyo hiyo taja muda wa kunyonyesha. Mwajiri anatakiwa kukuruhusu umnyonyeshe mtoto ndani ya saa za kazi, muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kwa anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta, kwenda na kurudi mchana ni ndoto, ndiyo maana wengi huomba watoke mapema, au wagawe muda huo wakamue maziwa ofisini. Weka kwa maandishi unachopendekeza. Makubaliano ya mdomo kwenye korido hufa siku bosi akibadilishwa, halafu unaonekana wewe ndiye unayedeka.

Sasa maziwa. Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita anayenyonya tu hutumia takriban mililita 750 kwa siku nzima. Hesabu ya jikoni ni mililita 30 kwa kila saa usiyokuwepo. Ukitoka saa 12 asubuhi na kuingia saa 12 jioni, andaa mililita 360, na 60 za akiba. Gawa katika vyombo vya mililita 60 hadi 90. Ukiweka 150 kwenye chombo kimoja, mtoto akanywa nusu na kulala, kilichobaki kinatakiwa kutumika ndani ya saa mbili au kumwagwa, na hakuna kinachouma kama kumwaga maziwa uliyoyakamua saa 10 alfajiri.

Huhitaji friza iliyojaa kama duka la samaki. Unahitaji maziwa ya siku ya kwanza na ya nusu siku nyingine. Baada ya hapo unayokamua leo ofisini yananywewa kesho nyumbani, na ya Ijumaa yananywewa Jumatatu. Kukusanya kiasi hicho, kamua mara moja kwa siku baada ya kunyonyesha alfajiri, titi linapokuwa limejaa zaidi. Siku za mwanzo utapata mililita 20 au 30 na utataka kulia. Ni kawaida, kwa sababu mtoto ameshatangulia kuchukua chake.

Kwa mkono inawezekana kabisa, na ni vizuri ujue hata kama una pampu. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, sentimita mbili hadi tatu nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha minya, kisha achia. Usiteleze vidole juu ya ngozi wala kuvuta chuchu. Hapo ndipo wengi wanapojiumiza na kusema hawana maziwa. Zungusha mkono pembe zote. Dakika 20 hadi 30 kwa matiti yote mawili zinatosha. Pampu ikianza kuvuta kidogo baada ya miezi miwili, usikimbilie kulaumu mwili wako: angalia kile kipira laini cha valvu, kikilegea au kuchanika nguvu yote inapotea, na kinabadilishwa peke yake.

Kuhifadhi kunategemea joto. Mpaka nyuzi 25 maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne nje, na Dar ya Januari inapita hapo asubuhi mapema, kwa hiyo usitumie kipimo hicho kwa moyo mweupe. Kwenye friji ni siku nne, sehemu ya ndani kabisa, siyo mlangoni. Kwenye friza ni vizuri yatumike ndani ya miezi sita. Yakishayeyuka kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Boksi la barafu linayatunza mpaka saa 24, hivyo asiye na friji ofisini asikate tamaa. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa inahimili saa nne na friza iliyojaa saa 48. Iliyojaa nusu ni saa 24. Kinachoharibu ni mtu kufungua kila dakika akiangalia kama vimeharibika.

Asiye na friji wala barafu akae na mhudumu wa kliniki kabla, siyo baada. Kama mtaamua maziwa ya kopo, yachanganywe kwa kipimo cha kopo lenyewe. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumnyima mtoto chakula huku tumbo likionekana limejaa.

Haya yote yataanguka kama anayebaki nyumbani hajayaona kwa macho. Maziwa ya titi yakikaa kwenye friji hujitenga, mafuta juu na maji chini. Dada ambaye hajaambiwa ataona yameganda vibaya na kuyamwaga. Mwonyeshe: chombo kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, kizungushwe taratibu mpaka yachanganyike, yasichemshwe. Harufu ya sabuni kidogo huwa ipo kwa baadhi ya akina mama na haimaanishi yameharibika. Harufu ya mgando ndiyo ya kuogopa.

Kulisha, tumia kikombe kidogo. Kile cha kahawa kisicho na mkono kinafaa sana, kinaoshwa kwa urahisi na hakina kona za kuficha uchafu kama chupa. Mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike kwenye mdomo na yeye mwenyewe ayalambe. Kumimina ndiko kunakopalia. Mazoezi yaanze wiki hii, mtoto akiwa ametulia, njaa isiwe imepanda, na wewe usiwepo chumbani. Akikunusa hatakubali, na ana haki.

Baba wa mtoto, sheria ilimpa siku tatu zenye malipo, zikaisha zamani. Hilo halimwondoi kwenye ratiba. Kuchemsha vikombe usiku, kugandisha chupa za barafu na kuhakikisha umeme wa LUKU hauishi Jumapili usiku ni kazi za mtu mmoja anayejulikana. "Tutasaidiana" maana yake ni mama atafanya. Nasema hivi nikijua kuna nyumba zitanuna.

Bibi naye aambiwe mapema. Atasema maziwa yaliyolala kwenye titi mchana kutwa yameharibika, umwage kwanza. Hayaharibiki yakiwa mwilini. Atasema pia mtoto apewe maji au uji mwepesi kwa kuwa mama hayupo. Mpaka miezi sita hahitaji, hata joto la Dar likoje. Bishana kwa adabu lakini usikubali kwa aibu, maana anayeharisha siyo aibu yako, ni mtoto.

Siku zilizobaki zipange hivi: toka kwa muda wa saa mbili siku ya kwanza, kwa muda wa saa tano siku mbili baadaye, kisha Jumamosi moja ondoka saa 12 asubuhi mpaka jioni kana kwamba unakwenda kazini, na ukamue huko uliko saa 3, saa 6 na saa 9. Titi likiwa gumu na kuuma, kamua kiasi cha kulegeza tu na ukande kwa kitambaa cha baridi. Homa na wekundu visivyopungua ndani ya siku moja vinahitaji daktari.

Jambo moja husahaulika karibu kila nyumba: chanjo ya wiki ya 14. Aliyeanza likizo siku ya kujifungua anarudi wiki ya 12, kwa hiyo siku hiyo ya kliniki inaangukia wiki mbili tu baadaye, wakati unaogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Iombe kwenye barua ileile ya mwanzo, tarehe ikiwa imetajwa.

Na jioni, ukifika kituo cha Rangi Tatu, pale Mbagala, piga simu nyumbani. Kuanzia hapo mtoto asipewe kikombe kizima. Kama analia sana apewe mililita 30 tu, ili ukifungua mlango akukute na njaa, nawe umekuja na matiti yaliyojaa. Maziwa ya ofisini yaingie kwenye friji kwanza, tarehe ikiwa imeandikwa, halafu viatu utavivua ukiwa unamnyonyesha.