Mpini uliopasuka: shida ni mti mbichi

Umesema mpini wa kisu chako, uliouchonga kwa tawi bichi, umepasuka. Mpini wa tawi bichi mara nyingi hupasuka. Mti ukikauka husinyaa, chuma hakisinyai, ndiyo maana ufa wako umeanzia pale msuka (mkia wa chuma wa kisu unaoingia kwenye mpini) unapoingia. Tafuta tawi gumu lililokaukia mtini, lisilo na fundo. Lililoanguka chini mara nyingi limeshaoza kwa ndani. Kata kama sentimita 12, uliache nene, umbo utalichonga mwisho.

Toboa tundu jembamba kuliko msuka, kisha umalizie kwa kuuchoma msuka moto na kuusukuma ndani kidogo kidogo. Bapa la kisu livingirishe kitambaa kilicholowa chapachapa, la sivyo makali yatapoteza ugumu, na hilo halirekebishiki porini. Kwangua masizi tunduni. Gundi haishiki juu yake.

Gundi: utomvu wa msonobari sehemu 3, unga laini wa makaa sehemu 1, nta kidogo ukiipata. Yeyusha mbali na ndimi za moto, maana utomvu huwaka upesi, na ukichemka sana gundi itavunjika kama kioo. Pasha msuka joto kabla ya kuuchomeka.

Shingo ya mpini izungushie kano iliyolowekwa. Ikikauka hujikaza yenyewe.