Joel Tulimsamehe, Geum-ja Tukamlaani

Swali lenu la wiki limeuliza ni mhusika gani wa tamthilia za karibuni ambaye watazamaji wamemhukumu bila haki. Wangu ni Jang Geum-ja, yule mama mzee wa Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini, mchezaji nambari 149. Nitataja yaliyotokea, kwa hivyo ambaye hajamaliza msimu wa tatu aiweke barua hii kando kwanza.

Kwa wasioifuata: watu 456 wenye madeni wanachezeshwa michezo ya utotoni, anayeshindwa anauawa, na zawadi inafika won bilioni 45.6. Geum-ja alijiandikisha ili alipe madeni ya kamari ya mwanawe, Yong-sik, kumbe na Yong-sik mwenyewe yumo. Katika msimu wa tatu, uliotoka tarehe 27 Juni 2025, wanacheza brikicho: wekundu wanatafuta, buluu wanajificha. Wekundu wanapewa visu, na kila mmoja lazima aue angalau mtu mmoja wa buluu kabla ya muda kwisha, la sivyo anauawa yeye. Mama ni buluu, mwana ni mwekundu. Katikati ya mchezo msichana mjamzito, Jun-hee, anashikwa na uchungu na Geum-ja ndiye anayemzalisha. Halafu Yong-sik anawafikia. Hajaua mtu, saa inamkimbia, na mbele yake yuko Jun-hee, mzazi ambaye hata kusimama ni shida. Anamwendea Jun-hee na kisu. Mamake anachomoa pini ndefu ya nywele aliyokuwa nayo na kumchoma mgongoni. Muda unakwisha, na walinzi wanampiga Yong-sik risasi huku mamake akiwasihi.

Huyo ndiye mama aliyeitwa mchawi. Nimelisikia neno hilo kwenye matatu, nimelisikia kazini, na siku moja nilikuwa nikisukwa saluni pale Umoja mabishano yakapamba moto mpaka kazi ikasimama. Mteja wa kiti cha pili alisema, "Mimi hata awe jambazi, ni wangu. Nimembeba miezi tisa. Mtoto hauawi na mamake." Wengi wakamuunga mkono, na mmoja akaongeza kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msusi wangu, ambaye hakuwa amesema lolote, akaacha msuko nusu, nywele bado ziko vidoleni. "Na yule aliyezaa sasa hivi, aunty, yeye si mzazi?"

Hakuna aliyemjibu, na mpaka leo sijasikia jibu la swali lile. Jun-hee alikuwa mzazi wa dakika chache tu, lakini alikuwa mzazi. Na Geum-ja alikuwa amemshika yule mtoto kabla hata hajapanguswa damu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi wa hawa wanaomlaani ndio waliomtetea Joel wa The Last of Us, tamthilia ya Marekani, kwa nguvu zote. Mnamkumbuka. Mwisho wa msimu wa kwanza, mwaka 2023, anaambiwa kwamba dawa ya ugonjwa ulioangamiza dunia itapatikana iwapo Ellie, msichana anayempenda kama binti yake, atapasuliwa ubongo, na upasuaji huo utamuua. Joel anapita katika hospitali ile akiua kila anayemzuia, anamuua daktari, anamuua Marlene, kiongozi wa waliotaka upasuaji huo, halafu anamdanganya Ellie na kumwapia kwamba amemwambia ukweli. Sisi tukasema: baba ni baba! Msimu wa pili ulipotoka mwaka 2025 na Abby, binti wa yule daktari, akamuua Joel, watu walimlilia kama jamaa yao. Simlaumu aliyelia, mimi pia nilimpenda Joel. Lakini zipimeni kesi hizi mbili kwa mizani moja. Joel aliua wageni wengi kwa ajili ya mtoto aliyempenda, akapewa jina la baba. Geum-ja alimzuia mtoto aliyempenda asimuue mgeni, akanyimwa hata jina la mama. Tukikubaliana kwamba mzazi mwema ni yule anayemtetea wake dhidi ya wa wenzake wote, basi tumekubaliana na jambo la kutisha, na tunalitetea kwa machozi.

Hapa kwetu Kenya hadithi ya Yong-sik haihitaji maelezo. Aprili 2025, miezi miwili hivi kabla ya msimu huo kutoka, bodi ya serikali iliyosimamia kamari wakati huo ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Katika mtaa wetu kuna mama aliyekopa kwenye chama kumkomboa mwanawe na madeni ya beti, akakopa tena kabla hajamaliza kulipa. Tunamsifu kwa uvumilivu. Geum-ja alikuwa mama wa namna hiyo miaka yote, alilipa, alificha, alisamehe, na siku aliyofika mahali ambapo deni la mwanawe lingelipwa kwa uhai wa mtu mwingine, alikataa. Hapo ndipo tulipoanza kumtukana.

Sisemi kwamba kitendo chake kilikuwa chepesi wala kwamba napenda kukiangalia. Nilizima televisheni. Ila sidhani kulikuwa na njia nyingine iliyokuwa mbele yake, na yeye aliichagua akijua kitakachompata mwanawe.

Malalamiko yangu yako kwa Hwang Dong-hyuk, mwandishi na mwongozaji wa Squid Game. Baada ya kifo cha Yong-sik, Geum-ja anakaa na Gi-hun, mhusika mkuu, anamwambia asijilaumu kwa waliokufa, anamsihi amwokoe Jun-hee na mtoto, halafu anajinyonga. Ni haraka mno. Kifo kile kiliwapa wanaomlaani nafasi ya kusema kwamba hata yeye alijua amekosa, ilhali mtu anaweza kufanya lililo sawa na bado asiweze kuishi nalo. Mchezo uliofuata ulikuwa wa kuruka kamba, na Gi-hun ndiye aliyemvusha yule mtoto. Ningetaka Geum-ja awe hai siku ile, amfunge mtoto mgongoni na kuvuka naye, halafu nirudi saluni nisikie watamwitaje.