Kabla hujafunga spoti kwenye Mkonga wako

Nilikuwa natoka Engare Sero usiku na Mkonga wangu, yaani Land Cruiser, nimebeba mitungi mitupu ya gesi, Engaruka bado iko mbele. Harufu ya plastiki inayoungua ikaingia kebini. Nilidhani ni breki. Nilipogusa swichi ya spoti, zile taa za ziada za mbele, pale kwenye dashibodi ikabonyea kama nta, na taa zikagoma kuzimika. Nikasimama, nikafungua boneti na kung'oa kichwa cha betri kwa spana namba 10. Kwa tochi nikaiona waya yenyewe: nyembamba kama ya redio, imetoka chanya ya betri moja kwa moja mpaka swichini, bila fyuzi hata moja. Nyuma ya kiti kulikuwa na mitungi ya gesi. Hilo bado linanikosesha raha nikilikumbuka.

Spoti mbili za wati 55 ni wati 110. Kwa umeme wa volti 12 hiyo ni ampea 9 na kidogo, na zote zilikuwa zinapita kwenye kiswichi cha bei rahisi. Ndiyo maana nasema rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, si pambo. Swichi yako inaiamsha rilei tu, kwa umeme usiofika hata nusu ampea. Mzigo wenyewe unatoka betri, unapita kwenye rilei, unakwenda kwenye taa bila kuingia kebini kabisa. Miguu ya rilei ina namba: 30 inatoka betri, 87 inakwenda kwenye taa, 86 na 85 ni za kuiamsha.

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja. Watu wengi wanaiweka karibu na taa, na hapo haikingi kitu, kwa sababu waya ikichubuka njiani na kugusa bodi, moto unaanzia kabla ya fyuzi. Kwa spoti mbili kama zangu natumia fyuzi ya ampea 15 na waya ya milimita 2.5 za mraba.

Sasa lililonisumbua siku mbili nzima. Nilitaka spoti ziwake nikipiga fulu na zizime nikishusha dimu, ili nisimpofushe mwenzangu tunapopishana. Nikaunga 86 kwenye waya ya fulu na 85 kwenye athi, yaani hasi ya bodi, kama kawaida. Zikawa zinawaka kwenye dimu na kuzimika kwenye fulu! Kumbe Land Cruiser hizi, na Toyota nyingine kadhaa, taa kubwa zake zinawashwa kwa upande wa hasi: chanya inakuja moja kwa wote, fulu na dimu zinachaguliwa kwa athi. Dawa yake: 86 inachukua ile chanya ya pamoja ya taa kubwa kupitia swichi yako, na 85 inaungwa kwenye waya ya fulu. Usiamini rangi za waya, pima volti kwa mita kwanza.

Athi nayo inadharauliwa mno. Kuibana kwenye boliti yenye rangi hakutoshi; kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Mimi siku hizi narudisha hasi mpaka betri. Kabla ya hapo, injini ikinguruma, betri ilisoma volti 13.8 na kwenye taa 11.6. Baada ya kubadili waya na athi, kwenye taa nikapata 13.4, na balbu zilezile zikamulika kama mpya.

Waya ya swichi inapopita kwenye ukuta wa injini lazima ivae raba. Bati la pale ni kisu, na ile barabara ya matuta inasugua saa nzima bila kupumzika. Rilei igeuze miguu iangalie chini, maji yasituame ndani yake. Maungio usiyasokote na kuyafunga solotepu. Joto la injini linaiyeyusha gundi, vumbi linaingia. Bana kwa koleo la kubania kisha vika mpira wa joto, ule unaonywea ukipashwa moto.

Ukishamaliza, washa spoti dakika 20 gari likinguruma, halafu pitisha mkono kwenye waya, kishika fyuzi na rilei. Vuguvugu si tatizo. Kama pana sehemu huwezi kuishika, waya ni nyembamba au ungio limelegea, fungua upya. Kisha nenda safari moja ya vumbi na ukirudi kaza boliti zote tena. Zangu mbili zilikuwa zimeshalegea.