Lead: risasi, waya au penseli? Jibu la fundi redio

Mkuu, umeuliza kwa nini kamusi inasema neno la Kiingereza lead ni risasi, kitabu cha umeme kinasema ni waya, na Mzungu anakwambia hata ndani ya penseli kuna lead. Suala hili lilinigharimu redio ya mteja, kwa hiyo vumilia, nitajibu kwa kirefu.

Nilikuwa bado mwanafunzi wa ufundi. Fundi wangu akanituma lehemu, ule waya unaoyeyushwa kuungia vipuri kwenye bodi. Dukani nikakuta aina mbili, moja imeandikwa lead-free. Sasa mimi nilishasoma kwenye kitabu chake kwamba leads ni ile miguu ya kapasita na rezista, ile unayoikata ukishalehemu. Nikajisemea, "lehemu isiyo na miguu", basi hii ndiyo safi. Nikaibeba. Kurudi kibandani, haiyeyuki. Nikazidisha moto, nikagandamiza, mpaka shaba ya kwenye bodi ikabanduka kama rangi ya ukuta ulioingia unyevu. Fundi alicheka kwanza. Hasira zilikuja mwenye redio alipofika.

Kumbe ilikuwa lehemu isiyo na risasi. Ile tuliyoizoea ni bati lililochanganywa na risasi, yaani ile metali, si ya bunduki. Ikiwa bati 63 kwa risasi 37 katika mia, inayeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi tu. Isiyo na risasi, ambayo kwa kawaida ni bati lenye fedha na shaba kidogo, inataka kama 217. Pasi yetu ya kulehemu ilikuwa ya kizee, haifiki huko bila kuunguza kitu.

Kwa hiyo mkuu, hayo ni maneno mawili yaliyogongana kwenye maandishi. La metali husomwa "led". Ni la kale sana, Waholanzi hadi leo wanasema lood. La waya husomwa "liid", nalo limetoka kwenye kitenzi cha kuongoza: waya unaoongoza umeme. Balaa ni kwamba kitenzi hicho kikiwa wakati uliopita kinaandikwa led, kinasomwa kama metali. Waingereza wenyewe hapo wanateleza kila siku, usijilaumu.

Penseli ni uongo uliozoeleka. Karne ya 16, huko Borrowdale kaskazini mwa Uingereza, watu walipata jiwe jeusi linaloacha alama, wakadhani ni jamii ya risasi. Mwaka 1779 mkemia Scheele akaonyesha kuwa ni kaboni, na miaka kumi baadaye likapewa jina la grafiti. Lakini nani angewaambia wauza penseli? Jina likaganda.

Alama ya kikemia, Pb, ni ya Kilatini, plumbum. Humo ndimo alimotoka plumber, fundi bomba, maana Warumi walitandaza mabomba ya risasi. Ile b imebaki kwenye maandishi kama mgeni asiyeaga, haisomwi. Mholanzi anamwita fundi huyohuyo loodgieter, yaani mmimina risasi, hata kama siku nzima anaunga plastiki.

Sisi nasi tumepita njia yetu. Risasi tumeitoa kwenye Kiarabu, rasas, na huko ni metali. Ila kwetu bunduki imelimeza neno: mwambie mtu betri ya gari lake imejaa risasi uone atakavyoruka. Vitu vilivyotengenezwa kwa metali hiyo tukavipa majina yake vyenyewe. Mvuvi ana chubwi ya kuzamisha mshipi, nahodha ana bildi ya kupimia kina, mwashi ana timazi. Mwingereza chubwi na bildi zote anaziita lead, na timazi anairudisha kwa plumbum. Hapo binafsi naona Kiswahili kimemshinda, maana fundi akiomba timazi hakuna atakayemletea chubwi.

Ile lehemu sikuitupa. Niliibandika karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa HAINA RISASI, nisirudie kosa. Juzi kijana ninayemfundisha kaisoma, kaiweka chini taratibu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kwani fundi, zile nyingine zina risasi?"